Ugumu wa upinde wa asili: anaulipia mwindaji au kulungu?

Huko McAlester, kusini-mashariki mwa Oklahoma, jeshi la Marekani lina kiwanda cha mabomu kilichozungukwa na msitu wa ekari zipatazo 45,000. Msituni mle wamejaa kulungu wa Marekani, wale wenye mkia mweupe, na kila msimu wa mapukutiko raia hucheza bahati nasibu ili wapate nafasi ya kuingia kuwinda. Sharti ni kwamba uje na upinde wa asili: ule mrefu ulionyooka, au ule ambao ncha zake zimekunjwa kuelekea mbele. Upinde wa kompaundi, wenye makapi (magurudumu madogo yanayopitisha kamba) na nyaya, hauvuki geti. Yaani kiwanda kinachojaza baruti mabomu ya ndege hakitaki kuona kapi kwenye upinde wa mgeni, na bado watu wanagombea kuingia.

Sharti hilo si mapenzi ya mambo ya kale. Kwa upinde wa asili wengi hurudi mikono mitupu, kwa hiyo unaweza kuingiza wawindaji wengi bila kumaliza madume, na madume wakiachwa wazeeke pembe zao hukua. Hiyo ni hesabu ya usimamizi wa wanyamapori. Lakini sehemu nyingi za Marekani hakuna anayelazimishwa, na bado lipo kundi la wawindaji, dogo ila lenye sauti kubwa, ambalo kwa hiari yake linaiacha kompaundi dukani. Hoja zao ni za kweli kiasi gani?

Tuanze na kile wanachokikataa. Kompaundi ilitokea Missouri. Holless Wilbur Allen, aliyetaka mshale wa kasi zaidi, alikata ncha za upinde wa kawaida, akafunga makapi mahali pake, akaomba hataza ya uvumbuzi wake mwaka 1966 na kuipata mwaka 1969. Ukivuta upinde wa asili, uzito huongezeka kadiri mkono unavyorudi nyuma, na kamba ikifika shavuni ndipo unapobeba mzigo wote. Kwenye kompaundi uzito hupanda mapema, hukaa juu, kisha makapi yakishageuka hushuka kwa ghafla. Mwenye upinde wa kilo 27 hujikuta anashikilia kilo 5 au 6 tu. Mongezee kilengeo chenye alama za umbali, kifyatulio kilichofungwa kwenye kifundo cha mkono, na kipimo cha leza mfukoni kinachomwambia mnyama yuko mita ngapi. Mtu wa kawaida akifundishwa vizuri ataanza kugonga shabaha ndani ya muda mfupi. Upinde wa asili unadai miezi, na kwa wengine miaka.

Sasa mwangalie kulungu akija kwenye kijia. Mwenye kompaundi huvuta wakati kichwa cha mnyama kimefichwa na shina la mti, halafu anasubiri. Anaweza kusubiri mpaka ubavu utokee, apumue, aweke alama ya kilengeo nyuma ya bega, ndipo aachie. Mwenye upinde wa asili wa kilo 23 hana anasa hiyo. Baada ya sekunde chache mabega huanza kutetemeka. Kwa hiyo hana budi kuvuta wakati mnyama yuko wazi, mita 15 mbele yake, na mkono unaosogea ndicho kitu ambacho jicho la kulungu hukiwahi. Kilengeo hana. Hukazia macho unywele mmoja ubavuni, mkono ukafuata jicho kwa mazoea ya maelfu ya mishale.

Wanaoupenda upinde wa asili wanausifu ugumu huu huu. Wanasema unawalazimisha kuujua upepo, kuzisoma nyayo, kukaa kimya saa nzima, na kuridhika kurudi nyumbani bila kitu. Wanasema uwindaji wenyewe ni kumkaribia mnyama, na aliye mita 50 bado hajamkaribia. Hoja hii naiona nzito kuliko zote wanazotoa, na nitairudia.

Nyingine ni nyepesi zaidi. Upinde wa asili ni mwepesi, hauna kelele nyingi, na kamba ikikatwa na kigumba porini unaweka nyingine kwa mikono yako. Kompaundi kwa kawaida huhitaji mashine ya kuibana ndipo ibadilishwe kamba, na safari yako imeishia hapo. Hilo ni kweli. Hoja kwamba upinde wa asili ni wa bei nafuu siikubali: kompaundi ya daraja la juu inapita dola 1,000, lakini upinde uliochongwa na fundi mwenye jina nao unaweza kufika huko huko.

Kisha ipo hoja ya urithi, na hapa mambo yanachanganyika. Uwindaji wa upinde wa Wamarekani wa leo unajinasibisha na Ishi, mtu wa mwisho wa kabila la Yahi, aliyejitokeza Oroville, California, mwaka 1911 baada ya watu wake kumalizwa. Daktari mpasuaji Saxton Pope alijifunza upinde kwake kabla Ishi hajafariki mwaka 1916 kwa kifua kikuu. Pope na mwenzake Arthur Young wakawa majina makubwa, na mwaka 1925 walivuka bahari mpaka Tanganyika kufuma simba. Walifuma kweli, lakini bunduki ilikuwa karibu, mikononi mwa mwenzao Stewart Edward White, kwa sababu simba mwenye mshale ubavuni haendi kulala. Klabu yenye majina yao ilianzishwa mwaka 1961, na leo nyingi kati ya pembe zilizo kwenye daftari lake zimepatikana kwa kompaundi.

Wakati wageni hao wakiwinda kama wanamichezo, upande wa pili wa mpaka, karibu na Tsavo, Wawata walikuwa wakifuma tembo kwa pinde nzito na mishale ya sumu, kama baba zao. Kampeni ya kuzuia ujangili ya mwaka 1956 na 1957 iliwatia wengi wao jela. Silaha ya asili ikiwa mkononi mwa mwenyeji iliitwa ujangili, na mkononi mwa mgeni ikaitwa uungwana. Silaumu mtu wa leo wa Michigan anayechonga upinde gereji kwake, ila akianza kuniambia kuhusu urithi wa mababu, nitamuuliza mababu wa nani.

Tukitaka kuona upinde wa asili ukifanya kazi bila mapambo, twende Bonde la Eyasi, Tanzania, kwa Wahadzabe. Pinde zao huvutwa kwa nguvu inayofika kilo 30 na zaidi, mzigo ambao wawindaji wengi wa Marekani wasingeuweza siku nzima. Kwa mnyama mkubwa wanatumia sumu, wanamngoja karibu na maji nyakati za ukame, na mnyama akikimbia na mshale, watu kadhaa hufuata damu na nyayo, hata kesho yake. Pamoja na ustadi huo wote, watafiti waliokaa nao walikuta mwindaji mmoja anapata mnyama mkubwa takriban mara moja katika siku 30. Kambi inaishi pia kwa mizizi, ubuyu, matunda na asali. Hakuna Mhadzabe aliyechagua upinde ili kujiongezea changamoto. Sumu na wafuatiliaji vipo kwa sababu wanajua mshale peke yake mara nyingi hautoshi. Mwindaji wa Marekani anaazima upinde lakini haazimi sumu, kwani karibu majimbo yote yanaikataza, na mara nyingi hana kundi la kumsaidia kufuata damu.

Hapo ndipo upande wa pili unapopata nguvu, na ningependa wapenzi wa upinde wa asili wasiuruke. Kule kule McAlester, miaka ya 1990, watafiti walifunga mikanda ya redio kwenye shingo za madume 80 ili wajue nini kinawapata msimu wa uwindaji. Madume 22 walipigwa mishale. Nusu yao hawakupatikana na waliowapiga. Si wote waliopotea walikufa, wengi walipona na kuendelea na maisha yao, lakini nusu ni nusu. Linganisha na kituo cha jeshi la wanamaji cha Indian Head, Maryland, ambako wawindaji waliotumia kompaundi na pinde za mtambo, zile zinazofyatuliwa kama bunduki, walipiga kulungu 908 kati ya 1989 na 2006, na waliopotea walikuwa asilimia 18.

Ukisoma haraka utasema kesi imekwisha. Haijaisha. Idadi ya McAlester ni ndogo, na ilipimwa kwa redio ambayo haidanganyi; ile ya Maryland ilitokana na taarifa za wawindaji wenyewe. Zaidi ya hayo, wawindaji wa Maryland walipita mafunzo na mtihani wa kulenga kila mwaka kabla ya kuruhusiwa. Kwa hiyo sehemu ya pengo hilo huenda ni ya mtihani wala si ya kapi. Hata hivyo siamini kwamba pengo lote linaweza kuelezwa hivyo. Mkono unaotetemeka kwenye kilo 23 na jicho lisilo na kilengeo lazima vidai chao mahali fulani, na vinakidai kwa kulungu aliyepigwa tumboni badala ya mapafuni.

Kuna hesabu nyingine ambayo pande zote mbili huipuuza, ya muda wa mshale hewani. Mshale wa upinde wa asili huenda kama mita 52 kwa sekunde. Kulungu akiwa mita 18, unamfikia baada ya sekunde 0.35. Sauti ya kamba imemfikia mapema zaidi, ndani ya sekunde 0.05. Kulungu akishtuka huchuchumaa kwanza ili apate nguvu ya kuruka, na mshale uliolengwa moyoni unapita juu ya mgongo. Kompaundi kwenye umbali ule ule, kwa mshale wa kuwindia unaokwenda mita 85 kwa sekunde, inahitaji sekunde 0.21. Faida ipo, na ni kubwa. Ndiyo kasi aliyoitafuta Allen.

Ila tazama faida hiyo inavyotumika. Kilengeo kina alama ya mita 60, na uwanjani mtu anagonga kitovu cha shabaha kwa umbali huo kila jioni. Akimwona dume kubwa mita 60, anaachia. Mshale unasafiri sekunde 0.7 hivi, mara mbili ya ule wa upinde wa mti kwa mita 18. Kulungu anayekula majani akipiga hatua moja tu katika muda huo, mshale unaingia tumboni, na kosa si la mkono wa mtu. Kasi yote iliyonunuliwa kwa zaidi ya dola 1,000 imetumiwa kununua umbali, na baki yake ni deni.

Kwa hiyo ile hoja ya ukaribu, niliyosema nitairudia, naikubali kwa nusu. Ni kweli upinde wa asili unamkatalia mwindaji lile jaribu la mita 60, kwa kuwa anajua hawezi. Lakini haumzuii kujaribu mita 25 wakati uwezo wake wa kweli ni 12, na wapo wengi wa namna hiyo, walionunua upinde mzuri mwezi wa nane na kuingia msituni mwezi wa kumi. Kwao upinde wa asili ni ugumu ambao bili yake anatumiwa mnyama. Aliyefuma mwaka mzima, akaujua mpaka wake, akawaacha kulungu kumi wapite mbali kidogo kuliko mpaka huo, huyo ana haki ya kusema amechagua njia ya heshima. Asiyefanya hivyo, ni heri achukue kompaundi, aliyozoezwa kuilenga, na akae nayo katika umbali wa upinde wa mti.

Mjadala wenyewe hauishi, na sasa watu wa kompaundi wanalalamika kwamba pinde za mtambo zimeruhusiwa katika msimu wao kwenye majimbo mengi. Maneno wanayotumia, kwamba ni rahisi mno, kwamba si uwindaji wa upinde tena, ni yale yale waliyoambiwa wao miaka ya 1970. Michezo nayo imefuata njia yake: kompaundi itaingia Olimpiki kwa mara ya kwanza Los Angeles mwaka 2028, ingawa shabaha ya karatasi haina maumivu, na huko kila mtu atumie anachotaka.

Kenya haimo katika ugomvi huu tangu ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Uingereza inakataza upinde kwa mnyama kabisa. Kwa nchi zinazoruhusu, kama Marekani, Namibia au Afrika Kusini, kuainisha pinde naona kunachukua muda ambao ungetumika kwenye mtihani wa Indian Head: kila mwaka, kila mtu, kwa upinde ule ule atakaoingia nao msituni na kwa umbali anaodai kuumudu. McAlester ingeweza kuuongeza kwenye sharti lake la sasa bila kuruhusu kapi hata moja, halafu ifunge tena mikanda ya redio ione kama ile nusu imepungua.