Mapengo ya Daftari na Rangi ya Ukutani: Maoni Kuhusu Ukaguzi wa Maabara za Wanyama

Barua ya ukaguzi inapofika katika maabara inayotumia wanyama, kazi ya kwanza ninayoiona ikifanywa hapa Lubumbashi ni kununua rangi. Kuta hupakwa, maranda hubadilishwa katika vizimba vyote kwa siku moja, makoti meupe hupigwa pasi, na jioni ya mwisho kabla ya wageni kufika mtu mmoja huketi na daftari la joto la chumba, akajaza miezi mitatu kwa kalamu ileile: nyuzi 22, nyuzi 22, nyuzi 22. Kwa maoni yangu, maandalizi ya namna hiyo huidhuru maabara kuliko kutojiandaa kabisa. Daftari lenye mapengo ambayo sababu zake zimeandikwa lina uzito mkubwa zaidi mbele ya mkaguzi anayeijua kazi yake.

Mtu yeyote anayeishi katika mji huu anajua kwamba hizo nyuzi 22 zisizobadilika haziwezekani. Tuko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200. Usiku wa Juni na Julai baridi huingia hadi mifupani, hewa ya kiangazi hukauka, na mwezi wa Oktoba joto hupanda kabla ya mvua kushika. Juu ya hayo kuna delestaji, yaani kukatwa kwa umeme kwa zamu, ambayo haimwulizi mtafiti ratiba yake. Mwongozo wa Marekani wa utunzaji na matumizi ya wanyama wa maabara, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1963 na kufikia toleo la nane mwaka 2011, unapendekeza panya wadogo wa maabara wakae kati ya nyuzi 20 na 26 za Selsiasi, na unyevu wa hewa uwe kati ya asilimia 30 na 70. Mkaguzi aliyelala hotelini mwezi wa Julai akijifunika blanketi mbili hataamini kwamba chumba kisicho na kifaa cha kupasha joto kilibaki na nyuzi 22 usiku kucha. Akishaona uongo mmoja katika daftari la joto, kwa nini aamini daftari la vifo?

Inafaa kukumbuka wakaguzi hawa wanaotoka nje wamelelewa katika utaratibu gani. Taasisi iliyo nje ya Marekani inayopokea fedha za huduma ya afya ya umma ya nchi hiyo kwa ajili ya utafiti wa wanyama hutakiwa kutoa ahadi ya maandishi kwamba itafuata sheria za nchi yake pamoja na kanuni za kimataifa zilizotolewa mwaka 1985 na kurekebishwa mwaka 2012. Barani Ulaya, agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2010 linataka angalau theluthi moja ya watumiaji wa wanyama wakaguliwe kila mwaka, na sehemu ya kutosha ya ukaguzi huo ifanyike bila taarifa. Wakaguzi wa wizara ya kilimo ya Marekani nao kwa kawaida hubisha hodi bila kutangulizwa na barua. Mtu aliyezoea kuingia maabara ya watu asubuhi isiyotarajiwa hatishwi wala havutiwi na harufu ya rangi mbichi. Harufu hiyo humwonyesha mahali pa kuanzia maswali.

Jambo ambalo wakuu wengi wa maabara hawalijui, au wanajifanya hawalijui, ni kwamba taratibu zenyewe zimejengwa juu ya dhana kuwa kasoro zitakuwepo. Nchini Marekani, kamati ya ndani ya kila taasisi inayopokea fedha hizo inapaswa kukagua vyumba vyake na mpango wake mzima wa kutunza wanyama angalau mara moja katika kila miezi sita. Kila kasoro huandikwa na kuwekwa katika moja ya makundi mawili: kasoro ndogo, au kasoro kubwa, yaani ile inayotishia afya au usalama wa wanyama. Kisha huwekwa mpango wa kuirekebisha pamoja na tarehe. Ripoti isiyo na kasoro hata moja, mwaka baada ya mwaka, huwatia watu shaka. Mficha maradhi kifo humuumbua, na katika banda la wanyama methali hii ni habari ya kila wiki.

Basi mkaguzi hukuta nini hasa? Mara nyingi hukuta mambo madogo yanayochosha: chupa ya dawa ya nusukaputi iliyopitwa na wakati katika droo ambayo hakuna aliyeifungua tangu mwanafunzi fulani amalize tasnifu yake, kizimba kisicho na kadi, panya waliozaana hadi idadi yao ikapita ile iliyoidhinishwa na kamati ya maadili. Hili la idadi ni zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu itifaki iliyoidhinishwa, yaani mpango ulioandikwa wa jaribio, ndiyo ruhusa pekee aliyo nayo mtafiti, na kila mnyama aliye nje yake anatumika bila ruhusa.

Chakula kinastahili maneno zaidi. Kobayi, yule mnyama mdogo wa maabara aitwaye kwa Kiingereza «guinea pig», kama binadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini; asipoipata huugua kiseyeye. Vitamini hiyo isipolindwa kwa namna maalumu huharibika haraka, kiasi kwamba chakula chake cha viwandani kwa kawaida huhesabiwa kuwa kizuri kwa takriban miezi mitatu tu tangu kilipotengenezwa, ilhali chakula kikavu cha wanyama wengine wa maabara, kikihifadhiwa vizuri, kinaweza kufika miezi sita. Sasa fikiria gunia linaloagizwa kutoka ng'ambo, likasubiri bandarini, likasubiri tena forodhani Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia, kisha likafunguliwa hapa mjini. Tarehe ya kutengenezwa iliyochapwa juu yake ina maana kuliko tarehe ya kupokelewa tunayoiandika sisi. Majani mabichi yaliyooshwa vizuri yanaweza kuokoa hali, mradi iandikwe ni majani gani, yametoka wapi na nani aliyaosha.

Hata hivyo, mtu anayeamua matokeo ya ukaguzi kwa kawaida hayumo katika kikao cha maandalizi. Ni mhudumu wa wanyama. Maprofesa hukutana, hugawana hotuba za makaribisho, na yule anayelisha na kusafisha kila siku huambiwa tu avae buti mpya. Siku ikifika, mkaguzi mzuri humwendea yeye, akamwuliza kwa heshima: «Papa, Jumapili ukikuta mnyama anapumua kwa shida, unampigia nani?» Jibu la swali hilo haliwezi kutungwa usiku mmoja. Ama kuna namba ya daktari wa mifugo ukutani, na mhudumu ana salio la kupiga na anajua kwamba hatagombezwa kwa kumwamsha bwana mkubwa, ama hakuna.

Nitaambiwa kwamba fedha hazipo. Ni kweli kwa jenereta na mazuti yake, wala sitaki kulifanya jambo dogo. Lakini kadi za vizimba, kufuli la kabati la dawa na kipimajoto cha betri havisubiri mfadhili. Na pale ambapo uwezo haupo kweli, Russell na Burch, wanasayansi wawili wa Uingereza, walikwisha kueleza mwaka 1959 kwamba kupunguza idadi ya wanyama ni mojawapo ya majukumu matatu ya mtafiti, pamoja na kutafuta njia mbadala na kupunguza maumivu. Maabara isiyoweza kulisha sungura arobaini mwishoni mwa juma iwe na kumi, au isiwe nao kabisa hadi itakapoweza. Najua wenzangu wengine hawatapendezwa na sentensi hiyo.

Pendekezo langu ni jepesi kwa mji wenye kitivo cha tiba ya mifugo. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho, wakiongozwa na mwalimu asiye na mradi katika vyumba hivyo, wafanye ukaguzi wa majaribio mara mbili kwa mwaka bila kutangaza siku, mara moja wakati wa baridi na mara moja wakati wa joto, na angalau mara moja siku ya Jumapili. Kasoro waandike kwa makundi yale mawili, pamoja na tarehe ya kurekebisha na jina la anayehusika. Nakala ya ripoti ibaki mlangoni mwa banda, mahali ambapo mhudumu ataisoma, na kitivo kiwalipie wanafunzi nauli ya siku hiyo.