"Matokeo yatajadiliwa"

Kila msimu wa makongamano ya utafiti wa wanafunzi wa shahada ya kwanza unapofika, huwa nasikia kauli ileile: "Kazi yangu haijaiva, nitaomba mwakani." Mara nyingi msemaji yuko mwaka wa mwisho. Mwakani hatakuwepo.

Lakini makongamano haya ni ya kazi mbichi. Lile la kitaifa la Marekani lilianza mwaka 1987 katika Chuo Kikuu cha North Carolina, Asheville. Uingereza ikaanzisha la kwake mwaka 2011. Yote yaliwalenga watu ambao bado wanajifunza kutafiti, na matangazo mengi ya aina hii hupokea hata matokeo ya awali. Soma tangazo kabla ya kujikataa mwenyewe.

Ninachokipinga ni kuuficha ubichi huo. Ikisiri yangu ya kwanza, yaani muhtasari wa utafiti unaotumwa kuomba nafasi, ilikuwa na maneno 250, na karibu 200 yalieleza umuhimu wa maktaba. Ikaishia na sentensi ambayo leo naiona kila mahali: "Matokeo yatajadiliwa." Msimamizi wangu aliipigia mstari akaniuliza, "Yapi?" Nikanyamaza. Kumbe nilikuwa nayo! Nilikuwa nimeshawahoji wanafunzi 14 kati ya 40 niliowakusudia, na wengi wao waliniambia huingia maktaba kufuata utulivu, vitabu hawavigusi. Sikuyaandika kwa sababu niliona 14 ni aibu. Tulipoiandika upya, umuhimu wa maktaba ulibaki na sentensi mbili, na wale 14 wakatajwa waziwazi. Ikapita.

Msimamizi mpe ikisiri mapema, si usiku wa kuamkia siku ya mwisho. Kama umehoji watu, hakikisha kibali cha maadili kipo, na uliofanya nao kazi wajue majina yao yanapelekwa wapi.

Kwenye fomu utaulizwa: wasilisho la mdomo au bango? Wengi hukimbilia jukwaa, nadhani kwa sababu lina heshima kwenye picha. Mimi nachagua bango. Jukwaani unapewa dakika 10 au 15, maswali mawili, makofi, umeshuka. Kwenye bango unasimama hata saa nzima, watu wanakuja mmoja mmoja, na kila mmoja unamweleza upya. Bango la karatasi ya ukubwa wa A0 ni milimita 841 kwa 1189, nafasi inayomshawishi mtu abandike tasnifu nzima. Asifanye hivyo, hakuna anayesoma aya akiwa amesimama.

Mbele ya bango langu alisimama mwanafunzi wa fizikia. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kwa nini niliwahoji waliomo maktaba tu, na si wale ambao hawaingii kabisa. Sikuwa na jibu. Nilimwomba kalamu, nikaliandika swali lake pembeni ya bango, chini ya jina langu.