Maneno ya chuma, maneno ya leso

Nimezaliwa Mji wa Kale, Mombasa, na sasa nakaa Leeds. Mwaka 2011 mwenzangu wa kazini alinipeleka Yorkshire Sculpture Park, bustani ya sanamu iliyo karibu na Wakefield, tukatazame maonyesho ya Jaume Plensa, msanii wa Barcelona. Tangu siku ile kuna jambo limenikaa moyoni, na leo nalitoa.

Plensa huchonga kwa herufi. Siyo kwamba huandika juu ya sanamu, la, herufi zenyewe ndizo sanamu. Nje kwenye majani alikaa mtu mkubwa wa chuma, amekunja magoti, mwili mzima ni alfabeti iliyounganishwa na ndani mtupu. Unaingia kifuani mwake, ukisimama humo unaona mawingu kupitia matundu ya herufi. Nilijaribu kumsoma, sikupata neno. Ndani ya jumba palikuwa na pazia la mashairi la mita 50, herufi za chuma zimening'inizwa kutoka juu hadi chini. Na palikuwa na sahani kubwa za shaba kama upatu, zimechorwa maneno ya Wimbo Ulio Bora wa Biblia, mtu anachukua kigongo anapiga, neno linanguruma mpaka linakuingia mbavuni.

Kilichonishika zaidi ni watu. Walinyamaza. Mzee mmoja alisimama mbele ya mstari mmoja wa lile pazia, akafuata herufi kwa kidole, moja moja, na hakuna aliyemharakisha. Nilimwonea wivu, kwa sababu mimi nimetoka mji uliojaa maneno na sikumbuki kama nimewahi kusimama hivyo mbele ya neno lolote la kwetu.

Na maneno tunayo! Milango ya Mji wa Kale imechongwa, mingine ina aya juu ya kizingiti. Juu ya lango la Fort Jesus, ile ngome ya Wareno, kuna maandishi ya Kireno. Matatu na mikokoteni husema. Hata zile sanamu kubwa za pembe za ndovu za Moi Avenue, zinavyopishana, zimeandika M, nasi tunapita chini yake tukiwaza nauli.

Lakini bingwa wa yote ni leso, yaani khanga. Mamangu akienda Biashara Street, kwenye duka la Kaderdina Hajee Essak lililoanza 1887, hanunui rangi. Rangi na pindo huzitazama baadaye. Kwanza huvuta kitambaa mpaka jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa, litokeze, pale chini ya mji, ile sehemu ya katikati ya leso, akasoma kwa sauti ya chini, kisha akafikiri itamfika nani. Siku moja nilimshikia mkoba akarudisha leso nzuri sana, nyekundu na nyeusi, iliyoandikwa "Hasidi hana sababu." Nikamuuliza kwa nini. Akaniambia, "Mwanangu, hii nikiivaa hapo mlangoni, jirani atajua namsema yeye, na mimi sina ugomvi naye." Akachukua "Japo sipati tamaa sikati," akampelekea dadangu aliyekuwa amekaa miaka bila mtoto. Dadangu aliifungua, akaisoma, akalia. Hakuna aliyeongeza neno.

Hapo ndipo naona tofauti, na sioni haya kusema kwetu tumewazidi. Herufi za Plensa ni nzuri mno, ila zinamwambia kila mtu, hazina anwani. Leso hutoka kwa mtu ikaenda kwa mtu. Nilipofika Leeds nilianika yangu uani, na jirani, mama mwema kabisa, akasifu rangi. Nilimshukuru nikaingia ndani na kitu kimenikaba koo. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu leso ilikuwa bubu. Upweke wa ugenini watu huueleza kwa baridi na chakula. Mimi nauelezea kwa ile kamba ya nguo.

Wao wametuzidi kwa jambo jingine, na hili linaniuma. Pale bustanini kila kazi ilikuwa na kibao: jina la msanii, mwaka, imetengenezwa kwa kitu gani. Aliyetunga maneno yaliyomliza dadangu ni nani? Nimezunguka nayo miaka sijui. Nilimuuliza mamangu, akacheka, akasema ni maneno ya watu. Sawa, mengine ni methali za zamani. Lakini yako mengi yaliyotungwa na mtu aliyekaa chini akahesabu maneno mpaka yakaenea kwenye kile kisanduku chembamba, na sisi tunaoyavaa hatujawahi kumuuliza jina. Leso ikichakaa tunapigia deki, na mtunzi anakwenda nayo.

Ningependa chumba kimoja tu, hata ndani ya Fort Jesus upande wa baharini, leso zitundikwe kwa kamba upepo uzipige, zisiwekwe nyuma ya kioo. Watu wazishike, wazisome kwa vidole kama yule mzee. Chini ya kila moja kikaratasi: mwaka, duka, aliyetunga, na mvaaji mmoja aeleze alimvalia nani. Kina mama wanaokumbuka wako mitaa ya Kibokoni na Kuze, huko Mji wa Kale, wengine macho yameshaingia ukungu. Waulizwe mwaka huu.