Saa mbili za kunyonyesha zipangiwe ratiba

Mtoto anatakiwa kunyonya maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Likizo ya uzazi Tanzania ni siku 84, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Kwa hiyo mama wa mtoto mmoja anarudi kazini mtoto akiwa hajafikisha hata miezi mitatu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeliona pengo hilo: inamtaka mwajiri ampe mama anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku, ndani ya muda wa kazi, amnyonyeshe mwanawe.

Saa hizo nyingi zinapotea kwa kukosa mpango. Anayeishi Mbagala, pembezoni mwa Dar es Salaam, na kufanya kazi Posta, katikati ya jiji, hawezi kwenda kunyonyesha mchana akarudi, kwa foleni ile! Basi anaruhusiwa kutoka saa mbili kabla ya wenzake, na suala linahesabiwa limekwisha. Halijaisha. Mwili hutengeneza maziwa kwa kadiri yanavyotolewa. Matiti yasipokamuliwa tangu alfajiri hadi alasiri, hujaa na kuuma, na baada ya siku kadhaa maziwa yanaanza kupungua. Yakituama, titi linaweza kuvimba na homa ikafuata.

Mgawanyo ninaoutetea ni huu: dakika 30 za kukamua saa 4 asubuhi, nyingine 30 saa 7 mchana, kisha kutoka kazini saa moja kabla ya wenzake. Kwa kuwa sheria inataja kunyonyesha, muda wa kukamua ukubaliwe kwa maandishi na afisa utumishi wiki mbili kabla ya kurudi, pamoja na chumba chenye kitasa kinachofungwa, kiti na maji ya kunawa. Chooni si mahali pa kuandalia chakula cha mtoto.

Asiye na pampu anakamua kwa mkono, na kwa wengi inatosha kabisa. Nawa mikono. Weka kidole gumba juu na cha shahada chini, nyuma kidogo ya sehemu nyeusi ya titi. Sukuma kuelekea kifuani, kisha bana vidole na uachie. Rudia, ukihamisha vidole kulizunguka titi. Usivitelezeshe juu ya ngozi, itachubuka. Matone ya kwanza huchelewa, usikate tamaa dakika ya pili.

Maziwa yaliyokamuliwa hukaa nje kwa saa 4 kwenye joto lisilozidi nyuzi 25, na Dar es Salaam ya Januari huzidi joto hilo. Tumia kibegi cha baridi chenye vifuko vya barafu vilivyoganda vizuri. Humo yanafika nyumbani salama, maana yanaweza kukaa hadi saa 24. Kwenye friji yanakaa siku 4, yakiwekwa nyuma kabisa, si mlangoni. Andika tarehe kwenye kila chombo.

Kwa mtoto aliyeachwa kwa muda wa saa 10, kadiria mililita 30 hadi 45 kwa kila saa, yaani 300 hadi 450. Gawa kwenye vyombo vya mililita 60 hadi 90, kwa sababu yanayobaki baada ya mtoto kunywa yanatakiwa kumwagwa yakipitisha saa 2, na inauma kumwaga mengi.

Dada au bibi anayebaki na mtoto afundishwe mapema. Maziwa yakitulia, mafuta hupanda juu. Asiyejua hudhani yameharibika na kuyamwaga, kumbe ni kuzungusha chombo taratibu tu. Yapashwe ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu, yasiwekwe motoni. Mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo kilichooshwa vizuri, awe ameketishwa wima, kikombe kiguse mdomo wa chini naye avute mwenyewe. Akimiminiwa anapaliwa.

Baba ana siku 3 tu za likizo, lakini kuosha vyombo na kugandisha barafu kila usiku hakuhitaji ruhusa ya mwajiri. Umeme ukikatika jioni, atafute barafu ya kununua kabla maduka hayajafungwa.