Sadaka Takatifu Nje ya Madhabahu: Nani Anagharimika?

Paulo alipowaandikia Warumi waitoe miili yao iwe dhabihu iliyo hai (Warumi 12:1), hekalu la Yerusalemu lilikuwa bado limesimama, na wanyama walikuwa wakiteketezwa asubuhi na jioni. Lilibomolewa baadaye, mwaka 70. Kwa hiyo hakuwa akiziba pengo la ibada iliyokwisha. Alikuwa akidai kwamba mikono, ulimi na saa za muumini ni vitu vya kuletwa mbele za Mungu.

Andiko hilo limesomwa kwa upana mkubwa. Martin Luther, mwanzilishi wa Uprotestanti, alifundisha kwamba kazi ya mama mlezi au ya fundi, ikifanywa kwa imani, ni utumishi kwa Mungu usiopungukiwa na wa mtawa. Mwaka 1964 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, katika hati ya Lumen Gentium, ulitaja sala, kazi za kila siku, maisha ya ndoa na hata mapumziko ya walei (waumini wasio makasisi wala watawa) kuwa sadaka za kiroho zinazotolewa pamoja na Ekaristi. Pande hizi zilikuwa zimegombana vikali juu ya Misa, na Mtaguso wa Trento mwaka 1562 ulitangaza kuwa Misa ni dhabihu ya kweli. Lakini kuhusu siku ya kawaida ya Mkristo, zinakaribiana sana.

Wapo wanaopinga usomaji huu mpana, na wana hoja. Torati ilimwagiza Haruni atenganishe kitakatifu na cha kawaida (Walawi 10:10). Kila kitu kikiitwa sadaka, ni rahisi mtu asitoe chochote: hatembelei mgonjwa, hafungui mkono, na akiulizwa anajibu kwamba maisha yake yote ni ya Bwana. Mfalme Daudi alikataa kupewa bure uwanja wa Arauna alipotaka kujenga madhabahu hapo, kwa kuwa hakutaka kumtolea Mungu kitu kisichomgharimu (2 Samweli 24:24). Nalikubali pingamizi hili, ila halitulazimu kurudisha sadaka kwenye bahasha ya Jumapili. Waebrania 13 inataja sifa, kutenda mema na kushirikiana. Kile ambacho Paulo anakiita harufu nzuri katika Wafilipi 4:18 ni msaada ulioletwa na Epafrodito, mjumbe wa Wafilipi, vitu vya kushikika, kwa mtu mwenye uhitaji.

Kwangu mimi, swali zito liko kwingine: anayegharimika ni nani? Yesu aliwakemea waliosema mali yao ni Korbani, yaani imewekwa wakfu, huku wakiwanyima wazazi wao msaada (Marko 7:9-13). Mungu alitajwa kuwa mpokeaji, wazazi wakabaki na gharama. Jambo hilo halijaisha. Mtu hutumikia kanisani kila jioni, na mwenzi wake hulea watoto peke yake bila kuulizwa kama ameridhia. Mwajiri huchelewesha mishahara ya watu kisha hutoa shukrani nono madhabahuni. Walawi 6:1-7 haimwachii huyu nafasi: aliyenyang'anya au kudhulumu arudishe kitu chote, aongeze sehemu ya tano, ampe mwenyewe, ndipo alete kondoo wake. Katika Mathayo 5:23-24 utaratibu ni huohuo: acha sadaka yako, nenda ukapatane kwanza.

Pagumu zaidi ni mateso. Kumuuguza mzazi kwa miaka, kwa hiari na kwa upendo, naamini ni dhabihu takatifu, hata kama hakuna anayeiona. Lakini mwanamke anayepigwa nyumbani akiambiwa avumilie kama sadaka, hapo nakataa bila kusita. Paulo aliwasihi wasomaji wake watoe miili yao wenyewe. Hakumpa mtu ruhusa ya kuutoa mwili wa mwingine. Yesu naye alisema hakuna amwondoleaye uhai wake, bali anautoa mwenyewe (Yohana 10:18). Anayempiga mkewe anamdhulumu, na mshauri wa kiroho anayeliita pigo hilo sadaka anamsaidia mdhalimu.

Torati yenyewe ilipima uwezo wa mtoaji. Asiyeweza kuleta mwana-kondoo alete hua wawili, na asiyeweza hao alete unga kidogo, naye husamehewa vilevile (Walawi 5:7-13). Wahubiri wanaotaka waumini wajitoe zaidi waanzie kwenye kipimo hicho, wawaulize pia walio nyumbani kwa hao waumini wamebaki na nini.