Pete za bata mwitu: Marekani zinasaidia, Bunyala je?

Kuna watu huku Kisumu wanasema tuige Marekani, bata mwitu wavalishwe pete mguuni ndio tujue wanauliwa wangapi. Wazo si baya. Kule kitengo cha serikali cha pete kiko tangu 1920, bata anashikwa kabla msimu wa kuwinda ufunguliwe, anavalishwa pete ya aluminiamu yenye namba, anaachiliwa, na mwindaji akimuangusha anaripoti ile namba.

Shida ni kwamba si wote huripoti. Tuseme wamevalisha bata 1,000 pete na 80 zikaripotiwa, bado huwezi sema wameuliwa asilimia 8, juu kuna wenye wanatupa pete na wengine wanaivaa shingoni kama mapambo (kweli kabisa). Ndio maana pete chache huandikwa zawadi, hata dola 100, hizo karibu zote hurudi, sasa ukilinganisha na zile za kawaida unajua ni wangapi wamenyamaza. Enzi za barua, bata aina ya mallard pete zao ziliripotiwa kama thuluthi tu, simu ya bure ilipokuja miaka ya 1990 zikapita asilimia 70. Bila kujua hivyo ungedhani mauaji yameongezeka mara mbili na kumbe ni simu!

Sasa njoo Bunyala, huku Busia magharibi mwa Kenya, kwa mashamba ya mpunga. Uwindaji Kenya ulipigwa marufuku 1977, na huko bata hapigwi risasi, anategewa punje zimetiwa sumu ya wadudu kama Furadan, akilewa anaokotwa, nyama inauzwa. Nani atapiga simu aseme nimepata pete namba fulani, yaani ajishtaki mwenyewe? Na ukiweka zawadi unaweza kuta umenunulia bata kifo. Mbaya zaidi, pete zikirudi mbili tatu, mkubwa fulani atasema mnaona, bata hawauliwi.

Ila pete nazo zina kazi yake. Kule Nakuru ndege wa maji huhesabiwa kila Januari, lakini hesabu haiwezi kukuambia yule bata wa kutoka Ulaya ama Asia alianzia wapi na amekufia wapi. Pete moja tu inaweza.

Kwa hivyo pete za kufuatilia safari za bata zifungwe, sina neno. Kwa mauaji, mimi hizo pesa ningepea vijana wa Bunyala wenyewe wapite sokoni wahesabu bata wanaouzwa, bila kuuliza mtu jina, na agroveti za karibu ziulizwe nani ananunua sumu na ya nini.