Darasa la nne la nani?

Mwezi uliopita nilimpeleka Bibi kliniki. Siku hizi anasahausahau: chungu kinaungua jikoni, jambo moja analiuliza mara tatu. Daktari kijana, mwenye adabu zake, akafungua fomu. "Bibi, shikamoo. Ulisoma mpaka darasa la ngapi?"

"Marahaba. La nne, mwanangu."

Akaandika 4. Kisha akamtaka atoe saba kwenye mia, atoe tena saba, na tena. Akampa kalamu aandike sentensi yoyote. Bibi akaandika jina lake, polepole, akairudisha kalamu kwa mikono miwili.

Alama zikawa chache. Nina hasira hadi leo, na simkasirikii daktari. Iliyoniudhi ni ile 4, maana alama za mzee hupimwa kwa kuangalia miaka aliyosoma.

Bibi alizaliwa mwaka 1946, kijiji kimoja cha Iringa. Tanganyika ya Waingereza ilisomesha watoto kwa rangi: shule za Wazungu, shule za Wahindi, shule za Waafrika, kila kundi na walimu wake na fungu lake la fedha. Miaka ya mwisho ya ukoloni ilijengwa pale Iringa shule ya bweni ya watoto wa Kizungu, St Michael's and St George's. Majengo yake leo ni ya Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa. Bibi alisomea banda la udongo, ubao mmoja, madarasa mawili yamepeana migongo. Nusu ya siku ilikuwa shamba la mwalimu. Mtoto wa bweni lile akisema "nilisoma miaka minne", na Bibi akisema hivyohivyo, fomu inaandika tarakimu ileile.

Na hata ndani ya banda lile watoto hawakuwa sawa. Bibi na kaka yake walifanya mtihani wa darasa la nne mwaka mmoja, wakafaulu wote wawili. Karo ilikuwepo ya mtu mmoja. Kaka akaenda middle school, yaani darasa la tano hadi la nane, akaja kuwa karani. Bibi akapelekwa kwa shangazi kulea mtoto, baada ya miaka mitatu akaolewa. Msimwone baba yake kuwa mtu mbaya peke yake. Watawala nao ndivyo walivyofikiri. Chuo cha Makerere, Uganda, kilianza mwaka 1922, wanawake wa kwanza wakaingia 1945, na kaulimbiu ya chuo ilikuwa "Tuwe wanaume" mpaka walipokuja wao ikabidi ibadilishwe.

Kwa Waismailia, Waislamu ambao huku kwetu wengi ni wa asili ya Kihindi, mambo yalikwenda tofauti kidogo, maana Aga Khan III aliwahimiza wafuasi wake wasomeshe mabinti. Kwa hiyo bibi wa Kihindi wa mjini, rika moja na Bibi yangu, huenda alikaa darasani miaka mingi kuliko kaka zetu wa vijijini. Rangi na jinsia zilisukwa pamoja kama ukili. Huwezi kuvuta moja ukaiacha nyingine.

Ubaguzi wa rangi shuleni ulifutwa kisheria tarehe 1 Januari 1962. Bibi alikuwa na karibu miaka kumi na sita, tayari ni mke wa mtu.

Maswali aliyoulizwa yanatoka kwenye kipimo cha kumbukumbu na fikra, MMSE, kilichotungwa Marekani mwaka 1975, na huko kwenyewe jambo hili limewasumbua. Wazee weusi wa kusini walisoma shule zilizotengwa, mara nyingi kwa muhula mfupi, watoto wakitolewa darasani kwenda kuchuma pamba. Mtafiti Jennifer Manly wa Chuo Kikuu cha Columbia alionyesha kuwa uwezo wa mzee kusoma unaeleza mengi ambayo idadi ya miaka ya shule haiyaelezi. Sisi tumekichukua kipimo, tukaiacha tahadhari yake.

Sisemi Bibi haumwi. Naogopa kwamba anaumwa. Ndiyo maana nataka apimwe kwa haki: aulizwe shule ipi, kwa lugha gani, alikosa siku ngapi kwa ajili ya kazi za nyumbani, nani aliendelea na nani akabakishwa. Dakika tano zinatosha.

Jioni ile nilimuuliza mwenyewe. Akaniambia hesabu alifunzwa kwa mahindi: kumi kwa kumi, zikipotea unachapwa. Akainuka, akaniletea daftari la kikoba chao, ambacho amekiwekea hazina miaka kumi na moja. Hajui kuandika sentensi, lakini kila mwanachama ana alama yake, kila hisa kijistari, kila mkopo duara, na chini jumla kwa tarakimu. Nilijumlisha kwa simu ukurasa baada ya ukurasa. Mpaka Machi mwaka huu hakuna kosa hata moja. Kuanzia Aprili kuna vijistari vimefutwa, vikaandikwa upya, vikafutwa tena.

Kliniki ijayo ni Alhamisi. Daftari nimeshalitia kwenye mfuko pamoja na kadi yake.